Lenzi Ndefu na Hela za Mabati

Naomba nianze kwa kukiri: niliwahi kumwibia mume wangu. Siyo kwamba nilimpekua mifuko ya suruali akiwa amelala, la hasha. Nilichota shilingi 480,000 kwenye hela za mabati, hela ambazo tulikuwa tukizichanga wote wawili kila mwisho wa mwezi, nikaenda Kariakoo kununua lenzi ya kamera. Sikumwambia. Na kibaya zaidi, lenzi yenyewe nilikosea kuchagua.

Najua wapo mnaoguna, "Aa, lenzi tu?" Subirini kidogo, nitafika huko.

Mimi ni mhariri, kazi yangu iko Dar es Salaam. Mume wangu alihamishiwa Kondoa, ambako ndiko kwao, tukaamua tujenge huko nyumba yetu ya kwanza. Vyumba vitatu, tofali za kuchoma. Nikipata nafasi napanda treni ya SGR hadi Dodoma, halafu basi la Kondoa, kama kilometa 160 za lami. Ndoa za siku hizi mnazijua: wiki tatu simu, siku nne pamoja.

Pale kwa mama mkwe anaishi binti wa wifi yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 12. Mama yake yuko Muscat, anafanya kazi za ndani, na mwaka ule ulikuwa wa tatu hajamwona mwanawe uso kwa uso. Mtoto huyo mkimya, ambaye hata shikamoo yake unaisikia kwa shida, anacheza karate.

"Niione sura yake"

Oktoba 2024 binti alikuwa afanye mtihani wa mkanda wa kijani, na baada ya mtihani kuwe na mapambano ya mazoezi ukumbini. Wifi akanipigia kutoka Muscat, saa tano usiku, ndiyo kwanza ametoka jikoni kwa watu. Akaniambia, "Wifi, wewe ndiye mwenye kamera. Nipigie picha moja tu mwanangu akirusha teke. Niione sura yake."

Nina kamera, ndiyo. Nikon D3400, ndogo, ya mtumba, na ile lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo. Tangu chuoni nilikosomea mawasiliano nimekuwa napiga picha za makala, harusi za marafiki na kitchen party. Lakini michezo? Nikajiona sina silaha. Kichwani nilikuwa na zile picha za karate ya Olimpiki ya Tokyo, iliyochezwa 2021, na picha za mpira wa kikapu wa BAL kutoka BK Arena ya Kigali. Pembeni ya uwanja unaona wapiga picha wamejipanga na malenzi makubwa kama chupa za chai. Nikasema basi, siri ni urefu.

Duka nililoingia Kariakoo, muuzaji akaniuliza, "Dada, unapiga nini?" Nikamjibu, "Michezo." Akatoa 70-300 ya mtumba, safi, akaivuta mbele ya macho yangu ikarefuka. "Hii inakuletea mpaka namba ya jezi." Hakunidanganya. Kwa mechi ya mpira wa miguu saa tisa alasiri, lenzi ile ni bomba. Ila hakuniuliza kama ni ndani au nje, nami sikumwambia. Nikalipa. Nikajisemea nitairudisha ile hela kabla mwenzangu hajashtuka.

Usiku wa picha 214

Ukumbi wenyewe ulikuwa mmoja wa zile za harusi. Mapambo ya wiki iliyopita bado yananing'inia, viti vya plastiki vimerundikwa ukutani, mikeka ya mazoezi imetandikwa katikati. Juu kuna taa za tyubu, nyingine nzima, nyingine zinapepesa. Kwa macho yangu mwanga ulitosha kabisa. Hapo ndipo mtego ulipo, msomaji wangu: macho yetu huzoea giza haraka, kamera haina ustaarabu huo.

Mtihani ulianza saa moja jioni. Nilikaa jukwaani, mbali, nikiringia urefu wa lenzi yangu. Nikavuta mpaka 300. Nikabonyeza. Nikabonyeza tena. Mume wangu kaketi pembeni anatabasamu, anajua mkewe anafanya kazi.

Nilipotazama kioo cha kamera nikaishiwa pozi. Nguo nyeupe iliyovurugika kama maziwa yaliyomwagika. Mkono umekuwa mikono mitatu. Pale penye sura pana kivuli. Nikahama, nikasogea hadi pembeni ya mkeka. Sasa kwa 70, ambao ndio ufupi wa mwisho wa lenzi ile, nikawa nakata vichwa au miguu. Nikarudi nyuma, picha zikacheza tena. Usiku ule nilipiga picha 214. Zenye sura ya mtoto inayotambulika zilikuwa mbili, na katika zote mbili alikuwa amesimama akisubiri zamu yake. Ya teke, hakuna hata moja.

Maelezo yake ni mepesi, ningeyajua kabla ningeokoa hela. Lenzi ina tundu la kuingizia mwanga, na ukubwa wake huandikwa kwa namba ya f. Namba hii inachanganya watu kwa sababu iko kinyume: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi yangu mpya iliandikwa 4.5-5.6, maana yake ukiivuta mpaka mwisho, tundu kubwa kuliko yote inaloweza kufungua ni f/5.6. Kwenye ukumbi ule, huku nimeifunga ISO isizidi 3200 ili nisipate chengachenga, kamera ililazimika kuacha shata wazi kwa sehemu moja ya 60 ya sekunde. Teke la mtoto wa karate haliwezi kutulia muda huo. Ili ulikamate unahitaji kama 1/500, angalau.

"Lakini ilikuwa na kile kizuia mtikisiko," nilijitetea baadaye. Kweli, VR ilikuwepo. Kinatuliza mikono ya mpiga picha. Hakimtulizi anayepigwa picha.

Saa nne usiku simu ya Muscat ikaingia. "Wifi, vipi, zimetoka?" Nikazuga, nikasema nazisafisha kwanza. Nikakata simu, nikageuka, nikakuta mume wangu ameshika lenzi, anaipima kwa mkono.

"Hii umeitoa wapi?"

Mabati na mvua

Ningeweza kudanganya. Mtu wa mawasiliano hakosi maneno. Lakini nilichoka, nikamwambia ukweli wote, na kiasi.

Hakufoka. Afadhali angefoka. Aliweka lenzi mezani taratibu, akasema, "Ungeniomba ningekupa." Akaenda kulala. Siku mbili zilizofuata tuliongea yale ya lazima tu: maji yamechemka, mama anakuita, chakula tayari. Mama mkwe akaona. Wakati tunakula ugali wa uwele na mlenda alitutazama kwa zamu, akasema tu, "Kuleni, kitapoa." Wazee wa Kondoa hawana maneno mengi.

Kilichokuwa kinaniuma kilikuwa zaidi ya hela. Kwa usiku mmoja niliwaangusha watu watatu: mume, mtoto na mama aliye mbali. Halafu Desemba mvua zikaja, zikakuta chumba cha nyuma hakijaezekwa kwa sababu mabati hayakutosha. Ukuta wa upande wa magharibi ukalowa, plasta ikabanduka. Nilipotumiwa picha za ule ukuta, safari hii zimepigwa na mume wangu kwa simu, zilikuwa kali ajabu. Kila ufa ulionekana.

Ila nisiruke. Kabla sijarudi Dar ule mwezi wa kumi, kuna kitu kilitokea Kolo.

Waliokuwa hawana lenzi

Jumapili mume wangu aliniambia, "Twende ukapunge upepo." Tukaenda Kolo, kama kilometa 20 kaskazini mwa Kondoa mjini, kwenye michoro ya miambani ambayo UNESCO iliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Tulipanda kilima tukihema, kila mtu na hasira zake.

Kama hujafika, fika. Chini ya miamba kuna wanyama na watu wamechorwa kwa rangi nyekundu, watu warefu wembamba, wengine wameinama, wengine kama wanatembea au wanacheza ngoma. Mwaka 1951 Mary Leakey alikaa huku akiinakili michoro hiyo kwa mkono, mstari kwa mstari. Nikawa namwangalia mnyama mmoja nikawaza: huyu mchoraji hakuwa na shata ya 1/500. Alimtazama mnyama siku nyingi mpaka akajua anavyobeba shingo.

Nikamwambia mume wangu, "Nilinunua lenzi kabla sijauangalia ukumbi."

Akacheka, mara ya kwanza baada ya siku mbili. "Na mimi je? Mbona hukuniangalia?" Nikaomba radhi pale pale mwambani. Tukakubaliana mambo mawili. Lenzi ndefu inauzwa. Na picha ya mtoto inapigwa, ila safari hii tunachagua wote.

Tukapima ukumbi kwa hatua

Hapa sasa ndipo nataka unisikilize, hasa wewe unayetaka kumpiga mwanao picha akicheza karate, mchumba wako kwenye mpira wa kikapu, au wafanyakazi wenzako kwenye bonanza la mpira wa meza. Kanuni ni ile ile: usianzie dukani, anzia ukumbini.

Jumatatu jioni tulikwenda kwenye mazoezi. Mwalimu wao alituruhusu kukaa pembeni ya mkeka. Mume wangu akapima kwa hatua: kutoka nilipokaa hadi walipopigania, kama mita sita. Mita sita! Na mimi nilinunua lenzi ya kumfuata tembo Tarangire.

Kisha tukafanya jaribio lisilo na gharama. Nikafunga lenzi yangu ya zamani, ile 18-55, nikaiweka kwenye 50. Watoto wawili wakaingia kwenye fremu kutoka utosini hadi unyayoni, na nafasi ikabaki. Picha zilikuwa zinacheza, sawa, lakini tulikuwa hatutafuti ubora bado, tulikuwa tunatafuta urefu. Ukifanya hivi kwa lenzi uliyonayo tayari, au ya kuazima, unaingia dukani ukiwa unajua namba yako.

Tukabaki na lenzi tatu za kujadili.

Ya kwanza, 70-200 yenye f/2.8 mwanzo hadi mwisho. Hii ndiyo lenzi ya wanaokula kupitia michezo. Inapitisha mwanga mara nne ya f/5.6, na inakuwezesha kufuata mchezo ukija na ukienda. Ila ina kilo kama moja na nusu, na hata ikiwa ya mtumba ni hela ya mabati yote na milango juu. Halafu kumbuka, wale wa Tokyo na Kigali wanapiga kwenye viwanja vyenye taa zilizofungwa kwa ajili ya televisheni. Ukumbi wetu ulifungwa taa kwa ajili ya kukata keki.

Ya pili, 85 yenye f/1.8. Nzuri sana kwa sura ya mchezaji mmoja, au kama unakaa mbali kidogo. Kwa mita sita ingenipa mtoto mmoja amejaa fremu, mpinzani wake nusu.

Ya tatu, 50 yenye f/1.8. Fupi, nyepesi, haivuti hata kidogo. Ukitaka kusogea, tumia miguu. Mume wangu aliitazama kwenye simu akauliza, "Hii? Mbona kama kifuniko cha chupa?" Lakini hesabu ilitukalisha kimya. Kutoka f/5.6 hadi f/2 mwanga unaongezeka karibu mara nane. Ukumbi ule ule, ISO ile ile 3200, ile 1/60 yangu inakuwa karibu 1/500. Teke limekamatika.

Tukachagua ya tatu. Kama ukumbi wako ni mkubwa, au mchezo wako ni wa kikapu na unakaa nyuma ya goli, jibu lako linaweza kuwa tofauti. Umbali na mwanga ndivyo vinavyoamua, siyo mimi wala muuzaji. Na kama una simu tu, sogea karibu uwezavyo badala ya kuvuta kwa vidole.

Kabla hujafungua pochi

Mengi ya haya niliyajua baada ya kuungua, wewe yapate bure.

Angalia kama lenzi ina mota. Kamera ndogo za Nikon kama yangu, zile za familia ya D3000 na D5000, hazina mota ya fokasi ndani. Ukinunua 50 ya zamani iliyoandikwa D, itafunga vizuri na picha utapiga, ila utazungusha fokasi kwa mkono huku mtoto anaruka. Tafuta iliyoandikwa AF-S. Wenye Canon za EF hawana shida hii, mota imo kwenye lenzi.

Lenzi ya mtumba imulike kwa tochi ya simu. Joto la unyevu la Dar linapenda kuotesha kuvu ndani ya vioo, unaona kama utando wa buibui. Ukiuona, rudisha. Kisha ifunge kwenye kamera yako mwenyewe na upige picha ndani ya duka, siyo barabarani kwenye jua.

Flashi iache nyumbani. Mchezaji akimulikwa machoni wakati teke linakuja anaweza kuumia, na michezo mingi ya ndani imeikataza.

Na usiogope ISO kama nilivyoiogopa mimi. Picha yenye chengachenga kidogo mama ataitunza. Picha iliyocheza hawezi hata kujua ni mtoto wa nani. Taa za tyubu nazo hupepesa mara 100 kwa sekunde kwa umeme wetu, kwa hiyo ukipiga kwa kasi, picha moja inaweza kuwa na mwanga na inayofuata ikafifia. Piga tatu tatu kwa mfululizo, utapata nzuri.

Februari

Lenzi ndefu niliiuza kwa hasara ya 130,000. Ile 50 niliipata kwa mtu aliyekuwa anahamia kamera zisizo na kioo, kwa 220,000. Kilichobaki kilirudi kwenye mabati siku hiyo hiyo, na mume wangu akatumiwa risiti kabla hata sijatoka dukani. Alinijibu kwa kidole gumba. Wanaume!

Binti alikuwa na mapambano mengine Februari 2025, wiki mbili kabla ya Ramadhani. Nilikaa chini kabisa, pembeni ya mkeka, goti sakafuni. Mwalimu alikuwa amenionyesha wakati wa mazoezi kwamba kabla ya kurusha teke la pembeni yule mtoto hushusha bega la kushoto, kidogo tu. Na teke lolote likifika juu kabisa, kuna kitambo kifupi linatulia kabla ya kurudi. Nikawa sitazami mguu. Natazama bega.

Sikupata picha 200 nzuri. Nyingine fokasi ilimshika mwamuzi aliyesimama nyuma, maana kwa f/2 sehemu inayotoka kali ilikuwa kama mita moja tu. Lakini zilipatikana tisa. Katika mojawapo mguu uko juu, mkanda wa kijani umepinda hewani, na sura yake, jamani, sura ya yule mtoto mkimya imekaza meno kama mtu anayedai haki yake.

Nikaituma Muscat palepale. Tiki mbili. Zikawa za bluu. Dakika zikapita, hakuna jibu. Mume wangu akaninong'oneza, "Labda yuko kazini." Baada ya kama nusu saa ikaja sauti, sekunde nane tu. Wifi alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja. Alisema, "Amekuwa na taya la baba yetu."

Mume wangu akaichukua simu, akaisikiliza mara ya pili, akatoka nje ya ukumbi. Nilimwacha peke yake kidogo, kisha nikamfuata.

Chumba cha nyuma tumeezeka Aprili, mvua zilipopungua. Ule ukuta wa magharibi tumepiga plasta upya, lakini ukiangalia vizuri alama bado ipo. Mume wangu hapendi nikimwonyesha mgeni. Mimi huwa namwonyesha.

Kwa hiyo wewe na mwenzi wako, kabla ya kununua chochote kinachozidi bei mliyokubaliana, iwe lenzi, sofa au simu, kaeni ukumbini kwanza. Pimeni umbali. Angalieni mna mwanga kiasi gani. Halafu mwambieni muuzaji ukweli wote: ni ndani, siyo nje.